Maswali ya Wasomaji: Kuitenga Sauti Moja ya Kwaya Katika Programu za Nota

Barua za safari hii, za walimu wa kwaya kwa waimbaji, zinalenga jambo moja: namna ya kumpatia kila mwimbaji sauti yake aisikilize na kuizoea kabla ya mazoezi ya pamoja. Mifano mingi katika majibu nimeitoa kwenye MuseScore, kwa kuwa ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Wanaotumia Sibelius au Dorico watayakuta mambo hayohayo kwa majina mengine ya menyu.

Ndugu mhariri, nimechapa wimbo wa sauti nne kama ulivyo kitabuni, soprano na alto kwenye stafu (mistari mitano ya nota) ya juu, teno na besi kwenye stafu ya chini. Nikifungua miksa naona njia mbili tu. Nikiinyamazisha ya juu, soprano na alto zinanyamaza pamoja. Nifanye nini ili niipate alto peke yake?
*Mwalimu wa kwaya*

Ndugu mwalimu, miksa, yaani dirisha la kurekebisha ukubwa wa kila sauti, huhesabu ala na haihesabu sauti za waimbaji. Stafu uliyoipa ala moja itakuwa njia moja, hata kama ndani yake umepanga soprano, alto na sauti nyingine juu yake. Kwa hiyo kazi ya kutenganisha hufanyika kwenye nota zenyewe, na miksa hufuata baadaye.

Anza kwa kuchunguza jinsi nota zilivyochapwa, kwa sababu kuna namna mbili ambazo kwenye karatasi hufanana ilhali ndani ya programu ni vitu tofauti. Namna ya kwanza ni ya matabaka: MuseScore huruhusu matabaka manne katika kila stafu, na kwa desturi soprano hukaa tabaka la kwanza, vijiti vya nota vikielekea juu, na alto hukaa tabaka la pili, vijiti vikielekea chini. Ukibofya nota ya tabaka la kwanza hugeuka bluu, na ya tabaka la pili hugeuka kijani, kwa hiyo huna haja ya kukisia. Namna ya pili ni ile ambayo nota mbili zimebebwa na kijiti kimoja, zote zikiwa tabaka la kwanza.

Mara nyingi wimbo mmoja huwa na namna zote mbili. Chukua kipimo (sehemu ya wimbo iliyo kati ya mistari miwili ya wima) cha mapigo manne ambacho soprano inashika nota moja kwa mapigo mawili wakati alto inatembea, nota moja kwa kila pigo. Hapo mchapaji hana hiari, lazima atumie matabaka, kwa kuwa kijiti kimoja hakiwezi kubeba urefu wa aina mbili. Kipimo kinachofuata sauti zote mbili zinatembea sawasawa, naye kwa kutaka wepesi anazipanga kwenye kijiti kimoja. Msomaji wa karatasi hataona tatizo lolote, lakini anayetaka kutenganisha sauti atalikuta kila baada ya vipimo vichache.

Ukishajua ulichonacho, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine, kisha ongeza stafu tupu ya alto moja kwa moja chini ya ile ya soprano. Chagua vipimo unavyovishughulikia kwenye stafu zote mbili, ile yenye nota na ile tupu, halafu fungua menyu ya Tools na utumie amri ya Explode. Nota ya juu itabaki kwa soprano, na ya chini itahamia kwa alto. Nasisitiza kuchagua stafu zote mbili kwa sababu maalumu: ukichagua stafu ya soprano peke yake, amri hiyo hushuka kwa idadi ya nota zilizopo, na pale soprano ilipogawanyika ukapata nota tatu kwa wakati mmoja, nota ya tatu itaangukia kwenye stafu ya teno na kufuta kilichokuwamo. Nashauri pia uende kifungu kwa kifungu, vipimo vya matabaka kwa wakati wake na vipimo vya kijiti kimoja kwa wakati wake, badala ya kuchagua wimbo mzima kwa mkupuo.

Baada ya hapo soma stafu mpya ya alto kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho, na hasa angalia mahali ambapo soprano na alto zinaimba nota moja. Kama nota hiyo ilikuwa kwenye tabaka moja, Explode huirudia kwenye stafu zote mbili, nawe huna la kufanya. Lakini kama mchapaji alikuwa akitumia matabaka, na hapo akaacha tabaka la pili likiwa tupu kwa kuwa kwenye karatasi ilitosha kuonyesha nota moja, basi alto itapata kimya mahali ilipopaswa kuimba. Jaza nota hizo kwa mkono. Angalia na maneno ya wimbo vilevile, maana yalikuwa yamefungwa kwenye nota za soprano, na mara nyingi hulazimika kunakiliwa.

Fanya hivyo kwa teno na besi, na miksa itakuonyesha njia nne. Nyamazisha tatu, toa faili la MP3, na zile ulizozinyamazisha hazitakuwamo. Kwa wimbo wako ujao, nakuomba uchape stafu nne tangu mwanzo, kila sauti na yake. Ukihitaji karatasi ya stafu mbili kwa ajili ya kuchapisha, tengeneza nakala na utumie amri ya Implode, ambayo huunganisha. Kuunganisha sauti zilizotengana ni kazi ya dakika chache, ilhali kutenganisha zilizoungana, kama ulivyoona, hudai jicho la mtu kwenye kila kipimo.

Mwalimu wetu alitutumia sauti zetu, kila mtu na yake peke yake. Nimeisikiliza alto mpaka naiimba bila kukosea. Tukikutana na soprano wakianza kuimba, napotea. Kasoro ni yangu au ni ya faili?
*Mwimbaji wa alto*

Ndugu msomaji, faili limekufundisha nusu ya sauti yako, na hiyo nusu umeimudu vizuri. Anayejifunza kwa sauti moja iliyotengwa hujua umbali kati ya nota yake na nota yake iliyotangulia. Kwenye kwaya anahitaji pia kujua umbali kati ya nota yake na za wenzake zinazosikika wakati uleule, na hilo sauti iliyotengwa haiwezi kumfundisha kwa vyovyote.

Tuseme wimbo uko katika ufunguo wa C, nawe unashika soli kwa vipimo viwili. Ukiwa peke yako hakuna kitu rahisi kuliko hicho. Lakini juu yako soprano inaanzia mi ya juu, inashuka hadi do, halafu inatua kwenye la, nota inayopakana na yako kabisa. Msuguano wa soli na la ni mkali, na sikio lisilouzoea hutafuta kuukimbia, ama kwa kupanda kuifuata soprano ama kwa kuteleza chini kidogo. Mtunzi aliutaka msuguano huo. Wewe ulikutana nao kwa mara ya kwanza mbele ya kwaya nzima, na kupotea hapo si ajabu hata kidogo.

Mwombe mwalimu akutengenezee mafaili mawili zaidi. La kwanza liwe na sauti yako mbele na nyingine tatu zikiwa nyuma. Kwenye miksa vipimo vya ukubwa wa sauti huandikwa kwa desibeli, na kwa masikio ya watu wengi kushusha desibeli 10 husikika kama kupunguza sauti kwa nusu hivi. Kwa hiyo ashushe nyingine kwa 10 au 12, asikie, arekebishe. La pili liwe na sauti zote isipokuwa yako, nawe ndiwe uijaze nafasi hiyo. Hilo la pili ndilo linalokaribia zaidi mazoezi ya kweli, na kwa maoni yangu mwimbaji asihesabu kuwa ameshika sauti yake mpaka aweze kuimba nalo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kuna njia moja ninayoipenda sana kwa sababu faili moja hufanya kazi ya matatu. Kwenye miksa kila njia ina kidude cha kuielekeza sauti upande wa kushoto au wa kulia. Mwalimu aipeleke alto yote kushoto na nyingine tatu zote kulia, kisha atoe faili. Ukivaa hedifoni pande zote mbili utasikia wimbo mzima ukiwa na alto dhahiri upande mmoja. Ukivua ya kulia unabaki na sauti yako peke yake, na ukivua ya kushoto unabaki na wenzako. Unaweza kuhama kutoka hali moja hadi nyingine katikati ya mstari, bila kusimamisha chochote. Hakikisha tu kwamba hedifoni zimevaliwa kwa upande sahihi, na kumbuka kwamba spika moja ya simu huziunganisha pande mbili na kuiondoa faida yote.

Kutenga sauti peke yake kuna mahali pake: ndiyo hatua ya kujifunza nota na maneno. Ukishazijua, liache faili hilo na uhamie kwenye haya mengine, kwa maana kadiri unavyozidi kulisikiliza ndivyo sikio linavyozidi kuzoea ukimya wa pembeni ambao kwenye kwaya haupo.

Waimbaji wangu wanasema mafaili ninayowatumia huanza ghafla, hawajui waingilie wapi, na wengine wanasema hawaisikii nota vizuri. Nimetumia sauti ya kwaya iliyomo kwenye programu. Je, kuna namna bora?
*Kiongozi wa kwaya*

Ndugu kiongozi, malalamiko hayo mawili yana vyanzo tofauti, nayo yote yanatibika.

Kuhusu kuingia, usitegemee hesabu ya awali ya metronomu inayosikika unapocheza wimbo ndani ya programu. Ongeza kipimo kimoja au viwili vitupu mwanzoni mwa wimbo, weka ala ya mdundo isiyo na kimo, kwa mfano kigogo cha mbao, na uandike mapigo yake kwa nota kama ala nyingine yoyote. Kwa kuwa yameandikwa, yatakuwamo kwenye faili. Kabla ya mapigo hayo weka nota ya kuanzia ya sauti husika kwa piano, ndefu ya kutosha mtu kuivumia. Pale ambapo sauti ina mapumziko marefu katikati ya wimbo, acha sauti nyingine moja isikike kwa mbali ili iwe kielekezi, kwa kuwa vipimo 12 vya kimya kitupu humfanya mwimbaji adhani faili limekatika.

Kuhusu kutoisikia nota, tatizo ni hiyo sauti ya kwaya uliyoichagua. Katika mpangilio wa kawaida wa sauti za MIDI, mfumo wa kompyuta wa kuwakilisha nota kwa namba, kwaya ya "aa" ni namba 53, na sifa yake ni kuanza polepole na kutikisika. Inapendeza wimbo ukiwa kamili, lakini mtu anayetafuta nota yake huhitaji sauti inayoanza papo hapo na kusimama bila kuyumba. Piano, ambayo ni namba 1, hutoa mwanzo ulio wazi kabisa, ila nota ndefu hufifia. Klarineti, namba 72, hushika nota mpaka mwisho wake. Mimi hupendelea klarineti kwa sauti inayofundishwa na piano kwa zile zinazosindikiza, kwa sababu sikio huzitofautisha bila juhudi.

Usisahau nakala ya mwendo wa taratibu. Badilisha alama ya mwendo iliyoandikwa juu ya stafu, kwa mfano kutoka mapigo 88 kwa dakika hadi 60, kisha utoe faili. Hapo utakuwa na hakika kwamba linafuata mwendo unaoutaka. Na kuhusu ukubwa wa mafaili, MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 1 kwa kila dakika, ilhali WAV ya kiwango cha kawaida huchukua kama 10. Kwa mazoezi MP3 inatosha.

Sauti ya teno kwenye faili langu inasikika juu kuliko alto. Nimekagua nota, ziko mahali pake. Tatizo liko wapi?
*Msomaji wa teno*

Liko kwenye ufunguo, ndugu msomaji, na hapa nasema ile alama ya mwanzo wa stafu, si ufunguo wa wimbo kama C. Teno huandikwa kwa ufunguo wa G wenye tarakimu 8 ndogo chini yake, ambayo maana yake ni kwamba nota zote zisikike oktava moja chini ya zinavyoonekana. Waimbaji hushuka wenyewe hata tarakimu hiyo isipokuwapo, kwa kuwa ni mazoea. Programu haina mazoea: ikikuta ufunguo wa G mtupu hucheza juu kama ilivyoandikwa.

Hapa pana mtego mdogo. Ukibadilisha ufunguo baada ya kuchapa, MuseScore huilinda sauti na kuhamisha mwonekano, kwa hiyo nota zitaruka juu kwenye stafu huku zikiendelea kusikika vilevile, na utadhani umeharibu kazi. Usirudi nyuma. Chagua nota zote za teno na ubonyeze Ctrl pamoja na mshale wa chini. Zitashuka oktava moja kwa sauti na kwa mwonekano, na kurudi mahali zilipokuwa, safari hii zikisikika inavyopasa.

Nina nyimbo nyingi nilizochapa kwa Finale miaka mingi iliyopita. Je, nizihamishe kama MIDI ili nitenge sauti kwenye programu nyingine?
*Mtunzi*

Zihamishe, tena mapema. Kampuni ya MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba haiendelezi tena Finale, na mafaili yake ya asili hayafunguki kwenye programu nyingi za nota. Lakini usitumie MIDI. MIDI huhifadhi namba ya nota, wakati wa kuanza na nguvu yake, na mengi ambayo mwimbaji huyahitaji machoni hayamo. G shapu na A flati, kwa mfano, kwake ni namba moja, na programu inayopokea italazimika kukisia ipi iandikwe.

Tumia MusicXML, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa kusudi hilihili la kuhamisha nota kutoka programu moja hadi nyingine. Hubeba stafu, matabaka, maneno na funguo. Wakati Finale bado inafunguka kwenye kompyuta yako, toa kila wimbo kwa MusicXML na pia kwa PDF, ili ukiufungua kwingine uwe na karatasi ya kulinganisha.

Wimbo tunaoutaka hatuna nota zake, tuna rekodi tu ya kwaya. Nimesikia kuna programu za akili mnemba zinazotenganisha sauti. Zitaweza kutupatia alto na besi?
*Mwanakwaya*

Kwa ukamilifu unaoutarajia, hapana. Programu maarufu za aina hiyo, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, zilifundishwa kutenganisha waimbaji na ala. Spleeter hugawa rekodi katika mafungu kama vile sauti za waimbaji, ngoma, besi, piano na mengineyo, na hiyo besi ni ya gitaa au ala ya namna hiyo. Wanaume wanaoimba besi kwenye kwaya yako watawekwa kwenye fungu la waimbaji pamoja na soprano, alto na teno.

Ugumu huu una sababu ya msingi. Sauti ya mtu si mtetemo mmoja. Besi akiimba A ya 110 kwa sekunde, ndani yake mna pia mitetemo ya 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Alto akiimba A ya 440 wakati huohuo, mitetemo yake ni 440, 880, 1320 na kuendelea, na yote, bila kubaki hata mmoja, inaangukia juu ya mitetemo ambayo besi tayari anayo. Na kwaya iliyofunzwa vizuri hujitahidi irabu zake zifanane na sauti zake ziyeyuke kuwa moja, kiasi kwamba uzuri unaoutamani kwenye rekodi ndio unaoifanya iwe ngumu kutenganishwa.

Njia iliyo ya uhakika ni kutafuta nota kwa mtunzi au mchapishaji, na kwa kuomba kwake utapata pia ruhusa ya kunakili. Mkipata PDF, programu huria ya Audiveris inaweza kuisoma na kutoa MusicXML, nanyi mtalazimika kuipitia kipimo kwa kipimo, hasa kwenye matabaka na maneno, ambako usomaji wa namna hii huteleza zaidi. Msipopata nota kabisa, mwenye sikio zuri miongoni mwenu aiandike kwa kusikiliza, aanze na besi na soprano zinazosikika pembezoni, halafu atafute alto na teno kati yake.

Wengi katika kwaya yetu wanasoma sol-fa, hawasomi stafu. Je, kutenga sauti kwenye programu hizi kuna faida kwao?
*Katibu wa kwaya*

Kuna faida kubwa, ndugu katibu, kwa sababu kusikia hakuhitaji kusoma, na karatasi nayo inaweza kuwasaidia. Katika MuseScore, kwenye sifa za stafu, kuna mpangilio wa vichwa vya nota unaoandika do, re, mi ndani ya kila kichwa, do ikifuata ufunguo wa wimbo. Ongeza ukubwa wa stafu, kwa kuwa maandishi hayo ni madogo, na uhakikishe alama za shapu au flati za mwanzo wa wimbo ni sahihi, maana ndizo zinazoiambia programu do iko wapi. Wimbo ukihamia ufunguo mwingine katikati, weka alama mpya hapohapo, la sivyo majina yote yanayofuata yatakuwa ya ufunguo wa zamani. Wanaopendelea herufi peke yake, d, r, m, waandikiwe chini ya nota kama mstari wa pili wa maneno. Kila sauti ikiwa na stafu yake, kila mmoja atapewa karatasi ya sauti yake pamoja na faili lake.